Kinu cha ngamia: namna ya kulisoma jengo la kushindikia mafuta Lamu

Chumba cha nyumba ya mawe Lamu kwa kawaida hakizidi sana upana wa mita 2.8. Urefu unaweza kufika mita 8 au zaidi, ila upana umefungwa na boriti. Basi ukiingia kwenye gofu lenye chumba kimoja cha mita 7 na ushei kila upande, kisicho na nguzo katikati wala matundu ya boriti ukutani, usikimbilie kusema ni ghala. Inama kwanza utazame chini. Huenda umesimama ndani ya nyumba ya kinu.

Nazungumzia kinu cha kushindikia ufuta, kile kilichozungushwa na ngamia aliyefungwa macho. Vinu vya namna hii vilifanya kazi katika visiwa vya Lamu, na Unguja pia, na mafuta yake ndiyo yale wazee wanayoyaita mafuta ya uto. Kazi yangu ni majengo ya chokaa na mawe ya pwani hii, na katika majengo yote ya kazi tuliyorithi, hili ndilo linaloharibiwa upesi zaidi kwa sababu mafundi hawalitambui. Halina zidaka, yaani vishubaka vya mapambo ukutani, halina mlango wa nakshi, halina msana, ule ukumbi mrefu wa nyumba ya mawe, wa kupigwa picha. Lina duara tu. Na duara hilo ndilo lililoamua kila kitu: kimo cha mlango, umbo la paa, unene wa ukuta, hata mtaa ambao nyumba ingewekwa.

Tuanze na boriti, maana ndiyo kiini cha mambo. Paa bapa la Lamu ni boriti za mkoko au mkandaa zenye kipenyo cha sentimita 12 hivi, zilizopangwa karibu karibu, juu yake mawe bapa ya matumbawe, na juu yake kifusi na chokaa iliyopondwa mpaka ikashikana. Ukijumlisha, tabaka hilo hufika sentimita 30. Mita moja ya mraba ya paa kama hilo ina uzito wa kilo 450 hadi 500 hata kabla ya mvua. Mkoko hukua mrefu kuliko mita 2.8, hilo halina shaka, lakini ukiubebesha uzito huo kwa urefu mkubwa zaidi huanza kupinda, sakafu ya juu ikapata ufa, maji yakaingia, na boriti ikaoza pale pale kichwa chake kinapoingia ukutani. Waashi wetu walijua kipimo hicho kwa mkono kabla ya mtu yeyote kukiandika.

Sasa chukua ngamia. Mti anaoukokota, kutoka katikati ya kinu mpaka katikati ya mwili wake, una mita 2.7. Ongeza nusu mita ya ubavu wake na vyombo alivyovaa, na nusu mita nyingine ya nafasi asikwaruze ukuta. Hapo umefika mita 3.7 kutoka katikati. Chumba chako lazima kiwe na mita 7.4 kila upande. Msikiti ukitaka upana kama huo husimamishwa nguzo safu mbili na boriti zikalala juu yake. Nyumba ya kinu haiwezi, kwani popote utakapoiweka nguzo itasimama njiani mwa ngamia, na katikati, mahali pekee ambapo ngamia hapiti, pamekaliwa na kinu chenyewe. Ndiyo maana paa la mawe lilishindikana. Lilibaki paa la makuti, au uwanja wazi usio na paa kabisa.

Uwanja wazi ulitumika pia, na si vibaya kukumbuka kwamba katika nyumba ya Lamu ua wa ndani huitwa kiwanda. Wengi leo wakisikia kiwanda wanafikiria mashine na mabomba ya moshi, ila neno hilo limebeba maana ya mahali pa kazi tangu zamani. Taabu ya uwanja ni mvua. Tone la maji likiingia kwenye ufuta unaoshindikwa bila kipimo, mafuta huchafuka. Nitaeleza kwa nini. Kwa hiyo aliyekuwa na uwezo aliezeka.

Kinu chenyewe ni kile kile cha jikoni kilichokuzwa. Kuna gogo la mti mgumu lenye kipenyo cha sentimita 70 hadi 90, limechimbwa tundu kwa juu mfano wa bakuli linalopungua upana kuelekea chini. Sehemu kubwa ya gogo imezikwa ardhini, mita moja au zaidi, na kuzungushiwa mawe yaliyoshindiliwa ili lisitikisike. Ndani ya tundu husimama mchi wa karibu mita 2, nao haukai wima, umeegemea upande. Kichwa cha mchi kimeshikwa na kipande cha mti kilichopinda, na kipande hicho kimefungwa kwa kamba kwenye mti mrefu wa kuzungushia. Mti huu mrefu, upande wa ndani, una panda au shingo inayokumbatia gogo kwa nje na kuteleza kulizunguka. Upande wa nje unafungwa ngamia, na juu ya mti huo hupakiwa mawe, kilo mia hivi, wakati mwingine na mwendeshaji mwenyewe akakaa.

Tazama ujanja uliomo hapo. Mawe yanauvuta mti chini, mti unaivuta kamba, kamba inakivuta kichwa cha mchi, na mchi unabana ufuta kwenye ukuta wa tundu. Ngamia hapondi kwa nguvu ya kuvuta peke yake; uzito ndio unaobana na ngamia anauzungusha mbano huo. Kamba ikilegea kwa sentimita chache tu mchi husimama wima, hauegemei tena, na unaweza kuzunguka mchana kutwa usipate hata kata moja ya mafuta. Kamba ya kumbi huwa ngumu ikiloa na hulegea ikikauka, kwa hiyo kuikaza ilikuwa kazi ya kila mpakio, haingojwi mpaka ilegee.

Mpakio mmoja wa ufuta kwa kinu cha kadiri hii ni kama frasila moja, yaani kilo 16. Kabla ya kuingia kinuni ufuta hupetwa na kuchekechwa, na hapa ndipo uvivu unapolipiwa. Ufuta huanikwa chini na kukung'utwa, kwa hiyo mchanga haukosi. Mchanga ukiingia kinuni hufanya kazi ya msasa: hula ukuta wa tundu, hula ncha ya mchi, na nafasi kati ya mchi na kinu ikipanuka mbano hupotea. Kinu kilichokuwa kikimaliza mpakio kwa saa mbili huanza kuchukua tatu, na mwenye kinu hulaumu ngamia.

Robo saa ya kwanza ni ya kuponda tu. Punje zinapasuka na kuwa unga mzito wa rangi ya udongo mkavu, bila mafuta yoyote kuonekana. Kisha maji ya moto huongezwa kidogo kidogo, jumla yake lita moja hadi moja na nusu kwa mpakio wote, huku mtu akiurudisha katikati kwa mkono ufuta unaopanda kandokando. Maji hayo ndiyo yanayoyasukuma mafuta yaachane na unga. Unga unaanza kushikana na kujibandika kwenye ukuta wa tundu kama kinyunya, na katikati, kuzunguka mguu wa mchi, panajitokeza ziwa dogo jeusi linalong'aa. Yakizidi maji, mafuta na maji huchanganyika yakawa kama maziwa, hayatengani vizuri hata ukiyaacha siku tatu, na huchacha mapema. Yakipungua, unga hushika joto, hukauka, mchi hukwama na ngamia husimama. Mvua iliyotajwa juu inaharibu kazi kwa sababu hiyo hiyo: inaongeza maji ambayo hakuna aliyeyapima.

Baada ya saa moja na nusu hadi mbili mpakio umekwisha. Mafuta huchotwa kwa upawa na mengine kukamuliwa kwa kitambaa, au hutoka kwa tundu lililotobolewa chini ya kinu na kuingia mtungini. Kisha mashudu, yaani makapi ya ufuta uliokamuliwa, hubanduliwa kwa mtaimbo. Punje ya ufuta ni karibu nusu yake mafuta, ila kinu cha mti hakiyatoi yote. Kilo 16 hutoa kilo 6 hivi, yaani lita 6 hadi 7 kasoro kidogo. Yaliyobaki yamo kwenye mashudu, na ndiyo sababu mashudu yalikuwa na bei, ng'ombe na ngamia wakayapenda. Mafuta huachwa kwenye mitungi siku mbili au tatu, tope likashuka, yakamiminwa taratibu.

Ngamia anatembea kiasi cha sentimita 80 kwa sekunde. Duara lake la mita 17 analimaliza kwa sekunde 21. Kwa mpakio wa saa mbili anazunguka mara 340 hivi, karibu kilomita 6, bila kwenda popote. Mipakio mitatu au minne kwa siku ndiyo kiasi chake, na mapumziko katikati. Hufungwa macho kwa kitambaa au vikapu vidogo ili asipate kizunguzungu na asisimame kila anapomwona mtu anaingia na gunia.

Wasomaji wa bara huniuliza mbona sisi hatukuwa na vinu vya maji kama vile vilivyosaga mahindi Nyeri na Murang'a. Jibu liko kwenye mteremko. Kinu cha maji kinataka vitu viwili kwa pamoja, maji yanayopita na kimo cha kuanguka. Kijito cha lita 100 kwa sekunde kikianguka mita 3 kina nguvu ya wati 2,900 hivi, na gurudumu la mti likipata asilimia 60 yake bado ni zaidi ya kazi ya ngamia wanne, kwani ngamia mmoja anayevuta kwa utulivu hutoa wati 400 tu. Milimani kimo hicho kinapatikana kwa mfereji mfupi. Kisiwa cha Lamu hakina mto hata mmoja. Maji yake matamu ni ya visima, yanayolindwa na vilima vya mchanga vya Shela. Malindi kuna Sabaki, nao ni mto mkubwa kweli kweli, lakini unaingia baharini kati ya mji na Mambrui ukiwa umelala chali. Wakati wa masika unapanda ghafla, unakula kingo zake na kumwaga tope linaloipaka bahari rangi ya kutu. Gurudumu ukiliweka hapo utapata kazi majuma machache, kisha ama limezikwa na mchanga ama limechukuliwa. Ngamia alikuwa jibu sahihi kwa nchi tambarare.

Na ufuta ulikuwepo kwa wingi. Kuanzia miaka ya 1840 wafanyabiashara wa Ufaransa walikuwa wakinunua ufuta wa pwani ya Afrika Mashariki, ukapelekwa Marseille kushindikwa mafuta na kutengenezwa sabuni. Wajerumani wa Hamburg nao wakaununua. Malindi ilipofufuliwa chini ya Sayyid Majid katika miaka ya 1860, mashamba yake ya mtama, maharagwe na ufuta yakawa mashuhuri pwani nzima. Mashamba hayo yalilimwa na watumwa. Jambo hili lisisemwe pembeni: gunia lililofika kwenye mlango wa kinu lilipandwa, likapaliliwa na kukung'utwa na watu waliokuwa mali ya watu, na utumwa haukufutwa kisheria katika pwani ya Kenya mpaka 1907. Anayetaka kuandika kibao cha maelezo kwenye jengo la kinu aliandike hilo kabla ya kuandika habari za ngamia.

Sehemu kubwa ya ufuta iliondoka ikiwa punje, kwenye majahazi. Kinu cha mjini kilishindika kwa ajili ya chungu na taa za mji wenyewe, ndiyo maana vinu vilibaki vidogo, ngamia mmoja, nyumba moja.

Turudi gofuni. Nikiingia mahali ninapopadhania kuwa nyumba ya kinu, kitu cha kwanza ninachokitafuta ni njia. Unyayo wa ngamia ni laini na mpana, hauna kwato ngumu. Unachoacha ni bonde jepesi, pana, lililolainika kama bakuli la mti. Njia ya punda ni nyembamba zaidi na ina vishimo, na duara lake ni dogo, kwa sababu punda hana nguvu ya kukokota kinu kikubwa. Njia ya ngamia kwa kawaida iliachwa udongo. Chokaa iliyolainishwa ingemtelezesha, hasa baada ya mafuta kudondoka. Kwa hiyo utakuta katikati pana sakafu ya chokaa, kisha pete ya udongo, kisha mara nyingine ukanda mwembamba wa chokaa tena kando ya ukuta.

Mara nyingi pete haionekani yote. Kifusi kimefunika upande mmoja, au mtu amejenga choo juu yake. Kipande kidogo kinatosha. Tandaza uzi wa mita 3 kutoka nukta moja ya katikati ya njia hadi nyingine, uukaze, kisha katikati ya uzi pima umbali kutoka uzi hadi njia. Tuseme umepata sentimita 45. Zidisha 3 kwa 3 upate 9. Gawanya kwa mara nane ya 0.45, yaani 3.6, upate 2.5, ongeza nusu ya 0.45. Jibu ni mita 2.72. Huo ndio umbali wa kinu kutoka njiani. Fanya hivyo mahali pawili tofauti, chora mstari wa pembe mraba kutoka katikati ya kila uzi kuelekea ndani, na pale mistari inapokutana ndipo pa kutafuta gogo. Ukipata chini ya mita 2, fikiria punda. Ukipata zaidi ya 3.5, pima upya, maana chumba chenyewe hakitoshi.

Usichimbe kwa pupa. Gogo lenyewe yamkini limeoza au limeng'olewa likawa kuni, lakini shimo lake hubaki: duara la mawe yaliyoshindiliwa, na ndani yake udongo mweusi wenye utelezi ukiusugua kwa vidole. Kukiwa na shimo dogo la pili sentimita chache pembeni, lenye sakafu ya chokaa, hicho kilikuwa kinu chenye tundu chini, na shimo hilo lilikaa mtungi. Picha, vipimo na mchoro vitangulie kila kitu. Mji Mkongwe wa Lamu umo katika orodha ya urithi wa dunia tangu 2001, na Sheria ya Makavazi na Turathi ya 2006 haimruhusu mtu kufukua mabaki ya kale bila kibali, hata kama hati ya kiwanja ni yake.

Ushahidi ninaouamini kuliko wote ni tone la maji. Chokaa kongwe ya Lamu ina kiu. Ukiidondoshea tone, linanyweka ndani ya sekunde chache na kuacha doa. Karibu na kinu, tone halinyweki. Linakaa juu, mviringo, likitetemeka kama umande kwenye jani la jimbi, na ukiinamisha kipande cha sakafu linabiringika likaanguka. Mafuta yaliyodondoka miaka na miaka yameshikana na chokaa yakawa kitu kimoja. Mabaharia wetu wanakijua kitu hicho kwa jina: chokaa iliyokandwa na mafuta ni deheni, ndiyo wanayoipaka chombo chini isiingie maji na isiliwe na wadudu. Sakafu ya kinu ilijitengenezea deheni yake bila mtu kukusudia. Rangi yake ni kama ya tende iliyokauka, na ukikwangua kidogo na kupasha moto kwenye kijiko, inatoa harufu nzito ya mafuta yaliyochacha.

Kwa mlango, pima kimo na upana. Ngamia anahitaji kama mita 2.3 kwenda juu na mita 1.3 kwa upana, na gogo la kinu lenyewe lilibidi lipite hapo. Vichochoro vya Mkomani, mtaa wa nyumba za mawe wa Lamu, vingine havizidi mita moja na nusu. Punda mwenye shehena anapita, ngamia hapiti. Kwa hiyo nyumba ya kinu itafute pembezoni, nyuma ya mji au kuelekea Langoni, karibu na kisima. Makuti nayo yalisukuma upande huo huo. Hakuna mwenye nyumba ya mawe aliyefurahia paa kubwa la makuti ubavuni mwake wakati wa kaskazi, upepo unavuma na cheche inaruka kutoka jiko la jirani.

Sasa paa. Kwa chumba cha mita 7.4, pamoja na ukuta na upenu, paa hufunika kama mita 8.6 kila upande. Makuti hayavumilii mteremko mdogo. Chini ya digrii 40 maji yanakawia, jani linaoza kutoka chini, na miaka saba inakuwa mitatu. Kwa digrii 45, paa la kushuka pande nne litakuwa na eneo la mita za mraba 105 hivi. Ukipanga makuti ya viungo yenye urefu wa mita moja, kila safu ikiachana na nyingine kwa sentimita 10, unahitaji makuti 1,050. Agiza 1,200, kwa sababu mengine yatafika yamevunjika mgongo. Makombamoyo ya kawaida, yaani miti ya mteremko inayobeba makuti, yatakuwa na mita 6.1, na yale manne ya pembeni, yanayopanda kutoka kila kona hadi kileleni, mita 7.4. Hayo manne ndiyo magumu kuyapata yakiwa yamenyooka, na ndiyo yanayoamua kama paa litasimama.

Kosa linalorudiwa ni kusahau kwamba paa hili halina nguzo ya katikati. Makombamoyo yanaegemeana juu na kusukuma nje chini. Kinachoyazuia ni miti ya juu ya ukuta iliyofungwa kona kwa kona ikawa pete moja. Siku hizi mafundi hupigilia kona hizo misumari miwili na kuondoka. Msumari hewa ya bahari huula, kona hufunguka, makombamoyo hutawanyika polepole, na baada ya msimu mmoja au miwili kilele kimeshuka kama mgongo wa ngamia aliyekufa. Kona zikatwe ziingiane, zifungwe kamba, na kama chuma lazima kitumike basi kiwe boliti nene inayoonekana na kubadilika, isifichwe.

Majengo mengi ya kinu yaliishia kuezekwa mabati baada ya mafuta ya viwandani na mitambo ya injini kuwashinda ngamia. Bati ni jepesi, linaruka mita 7.4 kwa mbao za kawaida, na halilaumiwi kwa hilo; limeokoa kuta nyingi zisibomoke. Linaloumiza ni hatua inayofuata, pale mwenye jengo anapotaka ghorofa. Dari la zege la upana huo linataka nguzo, mhandisi anachora nne au moja ya katikati, na ile ya katikati inachimbiwa msingi wake pale pale gogo lilipokuwa. Kwa siku moja ushahidi wote umetoka na toroli. Kama ghorofa haliepukiki, nguzo zikae kwenye kona za chumba, na dari libebwe na mihimili mirefu. Gharama inapanda, sikatai, lakini duara linabaki chini, zima.

Kuhusu sakafu, usipige saruji juu ya ile deheni. Haishiki. Itaonekana nzuri miezi sita, kisha itaanza kulia kama ngoma ukiigonga, na itabanduka vipande vipande ikiondoka na ngozi ya sakafu kongwe. Chokaa mpya nayo haishiki hapo, kwa sababu ile ile ya tone la maji. Palipo na mafuta paache kama palivyo, pasafishe kwa brashi kavu tu. Pembeni, mahali ambapo tone linanyweka, ziba kwa chokaa moja kwa mchanga mara tatu. Chokaa iwe imelala ndani ya maji majuma kadhaa, mchanga uwe wa maji matamu au uliooshwa, maana chumvi ya mchanga wa ufuoni itarudi juu ikiwa unga mweupe. Tabaka lisizidi sentimita moja na nusu. Lifunike kwa magunia yaliyoloweshwa siku saba, na usilikaribishe jua kabla ya hapo.

Kuta zihudumiwe vivyo hivyo. Jiwe la matumbawe linapumua, linapitisha unyevu na kuutoa. Ukilivika saruji, unyevu na chumvi hubaki ndani, chumvi hukua ikawa punje, na uso wa jiwe huchanika nyuma ya plasta bila mtu kuona, mpaka siku plasta inadondoka na sentimita mbili za jiwe. Chokaa ingetoa nafasi, ikaharibika yenyewe badala ya jiwe, nawe ukaibadilisha kwa gharama ya vikapu vichache.

Na njia ya ngamia yenyewe, ile pete ya udongo, isijazwe kifusi cha ujenzi. Weka kitambaa kinachopitisha maji, juu yake mchanga safi wa sentimita 10, kisha panga juu mawe madogo kufuata mstari wa katikati, mita 2.7 kutoka shimo la gogo. Atakayekuja na uzi wake ataweza kuufunua mchanga huo kwa ufagio.